Namba ya Nafasi Iliyobaki: Inajibu Swali Gani?

*Mazungumzo ya fundi wa kompyuta na mawakala wa forodha na wafanyabiashara wa Busia, upande wa Uganda. Yameandikwa upya kwa ajili ya walioshindwa kufika.*

Wazee wangu, mama zangu, ndugu mawakala, nanyi vijana mnaoshinda kwenye mashine kutwa nzima: asanteni kwa kuitika. Najua malori hayamsubiri mtu, kwa hiyo nakwenda moja kwa moja kwenye jambo lenyewe.

Malalamiko ninayoletewa dukani yana sura mbili. Mmoja huja akisema, "Fundi, nimefuta vitu kibao na diski bado imejaa." Mwingine huja na kinyume chake: "Folda yangu ina GB 40, laptopu yenyewe ilikuwa imebakiwa na GB 20 tu. Zimeingiaje?" Wote wawili huamini kompyuta imepagawa. Haijapagawa. Namba zote zinazoonekana pale ni za kweli, ila kila moja inajibu swali lake, na sisi tunazisoma kana kwamba zote zinajibu swali moja.

Faili ina ukubwa gani? Hilo ni swali. Imekalia nafasi kiasi gani hapa kwenye mashine yangu? Hilo ni lingine kabisa. Nimebakiwa na nafasi gani kwenye hifadhi ya wingu, yaani kompyuta za mbali zinazotutunzia faili kupitia intaneti? Hilo la tatu. Halafu lipo la nne, ambalo hakuna skrini inayokuonyesha jibu lake, na kwetu Uganda ndilo zito kuliko yote: siku nitakapoihitaji faili hii, itanilia bando kiasi gani kurudi?

Kuna dogo moja nataka tulimalize kwanza, kwa sababu linaleta ugomvi madukani. Umenunua laptopu, boksi limeandikwa GB 256, ukaiwasha ukakuta 238. Hujaibiwa. Kiwanda huhesabu gigabaiti moja kuwa baiti bilioni moja kamili. Windows hupanda kwa mafungu ya 1,024 badala ya 1,000, kwa hiyo gigabaiti yake ni nene zaidi na idadi inapungua. Diski ya 500 kwa hesabu hiyo husomeka 465. Mac zimekuwa zikihesabu kama viwanda tangu 2009, basi kwao tofauti hii haionekani. Baada ya hapo Windows yenyewe inataka pa kukaa, na tangu toleo la 2019 mashine nyingi mpya hutenga GB 7 hivi kwa ajili ya masasisho. Hayo yamekwisha. Tuje kwenye wingu.

Tazameni ukutani, projekta inaonyesha mashine yangu. Hii folda nimeiita "Makontena 2023", imo ndani ya OneDrive, huduma ya wingu ya Microsoft, na ndani yake mna nyaraka zilizoskaniwa. Nabofya kitufe cha kulia cha kipanya, nashuka mpaka chini kabisa, nachagua "Properties". Someni mistari miwili hii. Wa kwanza, "Size", unasema GB 40. Wa pili, "Size on disk", unasema MB 310. Nani aliwahi kuusoma huo mstari wa pili? Naona mikono miwili. Mtu akiona 40 macho yake yanaishia hapo, wakati mstari wa chini ndio unaosema diski ya hapa imeguswa kiasi gani.

Ninyi ni mawakala, kwa hiyo hili mtalielewa haraka kuliko wanafunzi wa chuo. Hati ya shehena iko mezani kwako. Imeandika uzito, idadi ya katoni, namba ya kontena, kila kitu. Je, kontena limo ofisini mwako? Liko Mombasa. Faili iliyoko wingu ni hivyo hivyo: jina lake unaliona, ukubwa wake umeandikwa, tarehe ipo, ila mzigo wenyewe hauko hapa. Kilichobaki kwenye diski ni karatasi nyembamba ya kusema faili hiyo ipo na inapatikana wapi. Microsoft walianza kuifanya OneDrive ifanye kazi hivi kwenye Windows 10 Oktoba 2017, na siku hizi laptopu nyingi mpya ukishaingia na akaunti zinakuja tayari zimewashwa hivyo bila wewe kuulizwa kwa namna ambayo ungeielewa.

Alama zake ni tatu, na naomba mzizoee kama mnavyozizoea sili za kontena. Kiwingu chenye mstari wa bluu: faili iko mbali. Alama ya vema ya kijani ndani ya duara jeupe: faili imeshuka, ipo hapa kwa sasa, lakini inaweza kuondolewa. Duara la kijani lililojaa lenye vema nyeupe: hii umeiagiza ikae hapa siku zote, haiondoki mpaka wewe useme.

Sasa angalieni kinachotokea. Nabofya mara mbili faili yenye kiwingu. Inasubiri kidogo, inashuka, inafunguka. Naifunga. Alama imegeuka kijani. Sikunakili kitu, sikupakua kitu kwa kukusudia, nimefungua tu, lakini diski imepungua. Karani akishinda wiki nzima akitafuta ankara za zamani, kila aliyoifungua imebaki hapa. Ijumaa anapiga simu kusema diski inajijaza yenyewe usiku. Haijijazi usiku. Ni yeye mwenyewe, mchana kweupe, faili baada ya faili.

Dawa yake ipo na ni rahisi: bofya kulia, chagua "Free up space". Mzigo unaondoka kwenye diski, karatasi inabaki, kiwingu kinarudi. Windows inaweza hata kukufanyia yenyewe kupitia kipengele chake cha usafishaji, Storage Sense, ukiiambia iziondoe zile ambazo hazijafunguliwa kwa siku 14, 30 au 60.

Hapa ndipo nataka tukae kidogo, kwa sababu hapa ndipo watu wanalia. Kuondoa mzigo kwenye diski ni kitu kimoja. Kufuta faili ni kitu kingine. Ukibonyeza "Delete" kwenye faili iliyo ndani ya folda ya wingu, hujafuta nakala ya hapa ukaacha ile ya wingu. Umefuta faili. Itatoweka kwenye wingu, itatoweka kwenye kompyuta ya mwenzako wa Malaba mliyeshirikiana folda hiyo, itatoweka kwenye simu ya bosi. Na cha kuchekesha, kama faili yenyewe ilikuwa na kiwingu, hukupata nafasi yoyote kwenye diski kwa kuifuta, maana haikuwa imekalia kitu. Umepoteza nyaraka, na namba ya nafasi iliyobaki haijasogea hata nukta. Yule mteja wangu wa kwanza anayesema amefuta vitu kibao na diski bado imejaa, mara nyingi hicho ndicho alichokifanya.

Msiogope sana: akaunti binafsi ya OneDrive huweka vilivyofutwa kwenye tupio lake kwa siku 30, na Google Drive nayo siku 30. Ingia kwa kivinjari, fungua tupio, rudisha. Siku ya 31 usinipigie simu.

Kuna mama pale nyuma aliniuliza kabla hatujaanza: "Nimelipia nafasi zaidi ya wingu, mbona diski C bado nyekundu?" Mama, ni kwa sababu umelipia mahali ambapo hapakuwa na tatizo. Wingu lina kipimo chake, diski C, ile iliyo ndani ya mashine, ina chake, na ujumbe wa kujaa huja tofauti. Google wanatoa GB 15 bure, lakini hizo zinagawanywa kati ya barua pepe za Gmail, Google Drive na picha za Google Photos. Tangu Juni 2021 hata picha zilizopunguzwa ubora zinahesabiwa. OneDrive na iCloud hutoa GB 5 bure kila moja, Dropbox 2. Ukijaza hizo 15 za Google kwa video za harusi, kinachoziba ni Gmail: barua mpya hazipokelewi. Mteja wako wa Kampala anakutumia ankara na orodha ya mizigo, zinamrudia, anadhani umebadilisha anwani, na lori limesimama kwenye foleni. Laptopu yako wakati huo inaweza kuwa na GB 100 zimekaa bure na hazikusaidii kitu.

Na kinyume chake nacho kipo. OneDrive ikiwashwa huwa inaomba kuchukua folda za "Desktop", "Documents" na "Pictures". Watu wanabonyeza kukubali ili tu kidirisha kiondoke. Tangu siku hiyo kila unachokitupa juu ya meza ya skrini kinapanda mtandaoni, GB 5 zinajaa, na wewe unaambiwa "hifadhi imejaa" wakati diski ni nyeupe peee. Soma ujumbe unatoka kwa nani kabla ya kutoa pesa.

Wanaotumia Google Drive kwenye kompyuta wameona imejitokeza diski mpya, mara nyingi herufi G. Kijana mmoja alinipongeza eti nimemwongezea diski. Sikumwongezea chochote. G ni dirisha la kuangalizia wingu, na kila unachokifungua humo hunakiliwa kwenye folda iliyofichwa ndani ya C. Kwa hiyo usihamishe vitu kutoka C kwenda G na kutarajia nafasi ipatikane papo hapo. Lazima kwanza vipandishwe mtandaoni, na mpaka vimalize vinakaa C vilevile.

Mac sitazisemea sana, naona ni mbili tu humu. Zina tabia yao moja: tangu mfumo wa faili wa APFS uliokuja 2017, Finder, yaani dirisha lake la kuonyesha faili, ikikuambia nafasi iliyopo, humo imeshahesabu vitu ambavyo mfumo unaweza kuvifuta wenyewe ukibanwa, kama faili zilizokwisha kupanda iCloud na nakala za muda za Time Machine, programu yake ya akiba. Ndiyo maana Finder inaweza kusema una GB 60, programu ya kusakinisha ikakataa ikisema hazitoshi. Fungua Disk Utility, programu yake ya kusimamia diski, inatenganisha kilicho wazi kweli na kinachoweza kufutwa. Hiyo ndiyo uiamini unapotaka kuweka kitu kikubwa leo hii.

Sasa lile swali la nne.

Maelekezo mengi ya wingu yameandikwa na watu ambao intaneti kwao inatiririka nyumbani kwa malipo ya mwezi. Kwao kuondoa faili na kuirudisha kesho ni sawa na bure. Sisi tunanunua bando. Mnakumbuka kodi ya shilingi 200 kwa siku ya mitandao ya kijamii iliyoanza Julai 2018? Iliondoka Julai 2021, na badala yake ukaja ushuru wa asilimia 12 juu ya data yenyewe. Kwa hiyo kila gigabaiti unayoirudisha kutoka wingu unailipia, pamoja na ushuru wake. Nafasi uliyoipata kwenye diski haikuwa ya bure.

Nipige hesabu mbele yenu. Folda ile ya GB 40, kwa kasi ya megabiti 5 kwa sekunde isiyokatika, inachukua kama saa 19 kushuka. Isiyokatika, nimesema, na umeme usipungue. Sasa mtu mwenye folda kama hiyo, yote ina viwingu, anachomeka diski ya nje na kusema, "Ngoja ninakili kila kitu niwe na akiba." Kompyuta haiwezi kunakili ambacho haina. Inaanza kuzishusha faili zote, moja baada ya nyingine, kwa hotspoti ya simu. Saa tano baadaye bando la mwezi limekwisha, diski C imejaa, na diski ya nje ina robo ya kazi. Mtu huyo hakufanya kosa lolote la kijinga. Alichofanya ndicho kila fundi amekuwa akimhubiria miaka yote. Hakuambiwa tu kwamba namba aliyokuwa akiiona ilikuwa ya mzigo ulioko mbali.

Kwa hiyo kama unatumia hotspoti, ingia kwenye mipangilio ya Wi-Fi ya Windows, uiweke hiyo hotspoti kuwa mtandao unaopimwa, yaani "Metered connection". OneDrive ikiuona mtandao wa namna hiyo husimamisha usawazishaji, yaani kupandisha na kushusha faili, mpaka uiruhusu. Ni kitufe kimoja. Kingekuwa kimewashwa kwa kila simu kuanzia kiwandani ningefurahi.

Tena kuna siku ambapo hata bando ulilonalo halikusaidii. Januari 2021, wakati wa uchaguzi, intaneti ilizimwa nchi nzima kwa siku tano hivi. Tarehe 12 Mei 2024 nyaya mbili za chini ya bahari, EASSy na Seacom, zilikatika, na kwa sababu sisi hatuna bahari, intaneti yetu inayopita pwani kwa majirani iliyumba pamoja na yao. Siku kama hizo faili yenye kiwingu ni jina tu.

Msimamo wangu, na anayepinga atapewa nafasi, ni huu. Mizigo iliyo njiani sasa hivi, nyaraka zake zote ziwe na duara la kijani lililojaa: bofya kulia, chagua "Always keep on this device". Nafasi zitakayokula ni halali yake. Mizigo iliyokwisha kutoka, nyaraka zake zipelekeni wingu, na nakala nyingine iwe kwenye diski ya nje iliyofungiwa kabatini. Nasema zote mbili kwa sababu mnaijua Sheria ya Usimamizi wa Forodha ya Jumuiya ya Afrika Mashariki ya 2004: afisa ana haki ya kudai nyaraka za mzigo ndani ya miaka mitano. Akaunti ya wingu mara nyingi imefunguliwa kwa jina la karani. Karani akiacha kazi na nywila yake, utamweleza nini afisa? Nunua diski ya nje, nakili kabla hujaziondoa faili kwenye mashine, maana wakati huo kunakili hakuli hata MB moja ya bando.

Na kabla ya kukimbilia wingu, chungulieni kwanza ni nini kinachokula C. Nimefungua mashine nyingi za ofisi za hapa mpakani, na mkosaji mara nyingi ni skana. Ukurasa wa A4 ukiuskani kwa rangi na nukta 600 kwa inchi, kabla ya kubanwa una MB 104 hivi. Ukurasa uleule, rangi ya kijivu na nukta 200, ni kama MB 4. Ankara haihitaji rangi, inahitaji kusomeka. Badilisheni hilo kwenye skana leo jioni na mtapata kuliko mtakachopata kwa kulipia wingu mwaka mzima. Wengine ni folda ya "Downloads", yenye fomu ileile imepakuliwa mara sita kwa sababu kila mtu akiitaka anaishusha upya kutoka WhatsApp. Na Outlook, programu ya barua pepe: barua ziko kwenye seva, yaani kompyuta ya mbali inayozihifadhi, kweli, lakini mara nyingi programu huweka nakala yake hapa, na faili hiyo inaruhusiwa kukua mpaka GB 50. Kwenye mipangilio ya akaunti unaweza kuiambia ishushe barua za mwaka mmoja tu, za zamani zibaki seva.

La mwisho ni kwa wale wanaoniletea mashine niifomati. Usinikabidhi kwa sababu tu umeona folda zako zimo kwenye OneDrive. Kuna alama ya nne ambayo sikuitaja: vimshale viwili vinavyozunguka. Hiyo ina maana faili bado inapanda, na kama bando lilikwisha wiki iliyopita inaweza kuwa imekwama hivyo tangu siku hiyo, nakala pekee ikiwa hapo mezani kwangu. Chukua simu yako, zima Wi-Fi ya ofisi, fungua akaunti kwa kivinjari na uitafute faili ya juzi kabisa. Ukiiona na ikafunguka kwenye simu, leta mashine. Usipoiona, kaa nayo mpaka imalize kupanda.

Haya, aliyenyoosha mkono pale dirishani, karibu.